Kilo Tano na Fahali wa Garbatulla

Jumamosi, 11 Juni 1983

Naanza daftari jipya. Ni amri ya Sajini Yattani. Baada ya mazoezi alituketisha sote kumi na mmoja juu ya mkeka wetu (magunia ya majani makavu, juu yake turubai la lori), akasema anayefanya jujitsu bila lengo ni sawa na ng'ombe aliyepotea: hutembea kutwa nzima, na jioni hajafika popote. Kila mmoja aandike lengo lake, tarehe ya kulitimiza, na namna atakavyojua kwamba amelitimiza. Akaongeza kwamba lengo liwe juu ya kazi yako mwenyewe, si juu ya mtu unayetaka kumwangusha.

Sajini aliujua mchezo huu akiwa jeshini. Namheshimu sana. Hapo mwisho alikosea.

Adano alisoma lake mbele ya watu. Kufanya mtupo wa nyonga mara hamsini kila siku hadi mwisho wa mwezi. Na kila akiangushwa, apige mkeka kwa kiganja bila kusahau. Kupiga mkeka! Hilo ni somo la siku ya kwanza. Unachapa mkeka, mkono unapokea kishindo, mgongo unapona. Nilimwonea huruma. Tumekua pamoja tangu darasa la kwanza, ni rafiki yangu wa kweli, lakini hana makuu.

Langu sikulisoma. Nilisema bado natafakari. Nitaliandika hapa tu.

Lengo: kwenda mashindano ya Nakuru mwezi wa Julai. Mchujo ni tarehe 25 Juni. Uzani ni mbili tu, na kila uzani unatoa mtu mmoja. Tuliojiandikisha ni watatu tu. Juu ya kilo sitini na tano yuko Mahamud wa bucha, ambaye hubeba paja la ngamia begani huku akisimulia habari za mpira. Huyo hapana. Chini ya sitini na tano yuko Adano peke yake. Mimi nina sabini. Basi nipunguze tano na kidogo, nikutane na Adano.

Namna: mwezi umeandama jioni hii. Kesho Adano na Waislamu wengine wanaanza kufunga, na mimi nitafunga nao. Ni Mkristo, lakini njaa haina dhehebu. Mimi nitapungua. Adano atakuja mchujoni akiwa na njaa ya siku kumi na nne. Mpango hauna tundu hata moja.

Jumapili, 12 Juni

Baada ya kanisa nilikwenda kijijini Ngaremara kumwona Baba. Macho yake yanazidi kufa. Ananitambua kwa hatua zangu. Dada yangu Natabo, anayemtunza, anasema sasa anaona mwanga na kivuli tu.

Baba alikuwa mwanamieleka. Ujana wake wote alipigana mchangani kando ya mto, na wazee wenzake hadi leo wanahesabu aliowaangusha. Kwangu hakuwahi kuuliza kitu. Leo akauliza kama nitapigana. Alisema alisikia kwamba kuna mchujo, na kwamba mwezi wa Aprili nilimwambia sijawahi kuangushwa. Natabo akaniangalia. Nikaangalia mbuzi.

Ukweli: miaka mitatu, mapambano arobaini na moja. Sijashinda hata moja. Moja lilikuwa sare kwa sababu paa lilivuja.

Baba alisema atakuja tarehe 25. Alisema kivuli cha mwanawe kikisimama na kingine kikilala, hicho bado atakiona, na mwaka ujao huenda asikione. Nilirudi mjini Isiolo. Nataka anione nikishinda mara moja. Moja tu. Sihitaji zaidi.

Jumatatu, 13 Juni

Siku ya pili ya saumu. Saa tano niliona mizani zikiwa mbili. Mimi ni karani wa mizani kwenye zizi la serikali, kwa hiyo jambo hili ni zito.

Nilitaka kujipima. Taabu ni kwamba mizani ya ng'ombe haimsikii binadamu. Inaanza kuamka kwenye kilo mia. Lakini mimi si mjinga. Kuna fahali aliyeletwa kutoka Garbatulla, yuko zizini akingoja majibu ya kipimo cha damu. Nilimpima peke yake: 312. Nikapanda kando yake: 382. Sabini kamili. Hesabu haidanganyi.

Jumatano, 15 Juni

Habari zimeenea kwamba mimi, Lokol, nafunga. Sikulitarajia hili. Jana Sajini alinishika mkono mbele ya watu akasema hivyo ndivyo Isiolo inavyotakiwa kuishi. Leo Mama Umulkheir, mama yake Adano, alimtuma mwanawe ofisini kwangu. Ujumbe: kijana aliyefunga nasi hawezi kufungua peke yake kama yatima.

Nilikwenda. Kukataa ingekuwa tusi. Tende, uji, sambusa, mikate laini ya anjera, kisha nyirinyiri, ile nyama ya kukaushwa, iliyozama kwenye samli. Kila nikiweka mkono kifuani kuonyesha nimeshiba, Mama aliniuliza kama mkono wake umekuwa mchungu. Katika nyumba ile swali hilo lina jibu moja. Nikala. Nikiondoka alinipa sufuria ya daku, nisije nikaamka alfajiri nikakosa kitu.

Aliniombea dua pia. Aliomba tushinde huko mchujoni, mimi na Adano sote wawili. Hajui. Niliona haya hadi masikioni. Nikabeba sufuria.

Jumamosi, 18 Juni

Hatua ya busara. Nilimshauri Sajini asogeze mchujo kutoka saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, jua likiwa limepoa. Kimoyomoyo nilijua kwamba saa kumi ndiyo saa mwenye saumu hana hata nguvu ya kufukuza inzi.

Sajini alikubali. Akauliza kama nimekumbuka kwamba na mimi nimefunga. Nikasema nimekumbuka, afande.

Sikuwa nimekumbuka.

Jumanne, 21 Juni

Tangu Jumatano iliyopita nimefuturu kwa Mama Umulkheir mara tatu, kwa Sajini mara moja, na kwa Mahamud mara moja. Mahamud ana desturi ya kumkatia mgeni figo na nundu kwa mkono wake. Ni mtu mpole nyumbani. Nilikaa pale nikimtazama mikono nikajiambia, kheri kwamba sitakutana nayo.

Adano anafanya mitupo yake hamsini kila siku kabla ya futari, na ukuta ndio mpinzani wake. Aliniuliza kama nataka tufanye pamoja. Nilimwambia nina programu yangu.

Suruali inabana. Nadhani Shamis, mke wa dobi, ameichemsha.

Ijumaa, 24 Juni

Ushindi! Nimejipima. Fahali alikuwa ametoka birikani, tumbo kama pipa: 318. Kabla sijapanda alikojoa kwa muda mrefu sana, akanya pia, ikabidi nisimame mbali na kuosha viatu. Kisha nikapanda kando yake: 381. Toa. Kilo sitini na tatu! Nimezidi lengo kwa kilo mbili.

Nimewaza juu ya Adano. Nimekula kwao. Mama yake ameniombea. Moyo wangu haukutulia jioni hii. Lakini Adano anaweza kushinda mwaka ujao, na Baba hana mwaka ujao wa kuona. Nimekwisha kuamua.

Jumamosi, 25 Juni

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi, kwa sababu mgongo hautaki.

Baba alifika na Natabo saa tisa. Alivaa koti lake la pekee na kofia yenye unyoya. Alikaa kwenye benchi la mbele, fimbo katikati ya magoti. Adano alikwenda kumsalimu kwa Kiturkana, akakaa karibu naye ili amweleze yanayotokea.

Sajini alikuwa ameazima mizani ya magunia kutoka ghala la mahindi. Adano akapanda: sitini na nne. Nikapanda mimi. Sindano ikaenda, ikapita sitini na tano, ikapita sabini, ikasimama sabini na tatu.

Sajini aliniuliza kama nina mawe mfukoni. Nikashuka, nikapanda tena. Sabini na tatu. Hapo nikamkumbuka fahali, na ule mkojo, na jinsi nilivyosimama kando nikiosha viatu kwa furaha.

Basi Adano hakuwa na mpinzani. Ameingia Nakuru bila kutoka jasho. Na mimi nikaitwa kupambana na Mahamud.

Ningeweza kusema naumwa. Nilimtazama Baba. Alikuwa ameinua uso, anatafuta kivuli changu. Nikaingia.

Tulikamatana kola. Sote wawili tulikuwa tumekwisha kwa saumu, hata Mahamud, macho yalikuwa yamemzama. Sitaki kusema alinitupa kwa ufundi. Alichoka, akaniegemea, nami nikawa chini. Nilisahau kupiga mkeka. Na sauti fulani ilinitoka. Sitaieleza hapa.

Baba akauliza kwa nguvu nani ameanguka. Sajini akatazama paa. Ndipo Adano, mwenye saumu, ambaye sijawahi kumsikia akisema uongo hata shuleni, akamwinamia akamwambia, "Mzee, ni yule mwingine. Lokol ndiye amesimama."

Nikasimama haraka. Na Mahamud, mshindi, alitazama benchi, akatazama turubai, akakaa chini polepole, akalala, akaguna.

Baba akapiga fimbo sakafuni mara mbili. Nilitaka kulia. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi.

Jumapili, 26 Juni

Nimemsindikiza Baba hadi barabara ya Ngaremara. Natabo alitangulia na mizigo. Mgongo ulikuwa ukiniuma, tulitembea kwa mwendo mmoja, mzee kipofu na mimi.

Njiani akaanza kucheka. Akacheka hadi akasimama kujifuta macho. Akasema amenisikia nikianguka tangu nilipoanza kutembea: kutoka kwa punda, kutoka juu ya mgunga, kutoka kwenye baiskeli ya padri. Sauti ni ile ile, akasema, kama mbuzi aliyekanyagwa. Angeitambua sauti hiyo katikati ya soko la mifugo. Tena yule mtu mkubwa aliguna kwa kuchelewa.

Nikamwomba radhi kwa uongo wa Aprili.

Kisha akasema yeye aliangusha watu wengi kando ya mto, na leo hakuna hata mmoja wao ambaye angeharibu saumu yake kwa kumsitiri. Akasema urafiki kama huo ndio aliokuja kuuona, na ameuona bila macho. Nimshike sana Adano. Na kama ni mchezo, nijifunze kuanguka vizuri, maana ni wazi hiyo ndiyo kazi yangu kubwa humo ndani.

Kisha akaniwekea kiganja kichwani, akaenda zake na Natabo.

Nimerudi nyumbani, nimekaa na maneno yake mchana kutwa. Mzee amesema kweli. Nilipanga vibaya. Lengo langu lilikuwa juu ya mtu mwingine, kama Sajini alivyotuonya, wakati kosa lilikuwa langu mwenyewe. Sasa nimeelewa. Naandika upya, kwa utaratibu ule aliotufundisha.

Lengo: kuanguka bila sauti yoyote. Nisilie, wala nisipige mkeka, maana kofi nalo lingenisaliti.

Tarehe ya kulitimiza: mchujo wa mwaka ujao.

Namna nitakavyojua kwamba nimelitimiza: Baba atauliza nani ameanguka, na safari hii hatajua.