Harufu ya Nondo na Kopo la Vanishi

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa maabara katangaza: ajira ya kudumu ni moja, na Ijumaa ataamua aipate nani kati yangu na Mama Vanishi. Hilo jina nimempa mimi, kimoyomoyo. Anachunguza vanishi za mbao. Mimi nachunguza harufu ambayo nondo jike, yule kipepeo wa usiku, humwitia dume. Tunagombania mashine moja: unadondosha tone au unapitisha hewa, inachambua, kila kemikali inatoka kwa zamu yake na kuchora mwiba kwenye skrini. Miiba yake imesimama wima. Yangu hata ukikodoa macho huioni.

Nikiikosa ajira, nitaendelea kulala kwenye sofa la dada. Shemeji kashachoka na mimi, ila anasema kwa kushusha pumzi tu.

Nina mpango. Mkuu anapenda unadhifu, na vizimba vya nondo wangu vinatia huruma.

Jumanne, 4 Machi
Mama Vanishi alipoenda kula, nimechota vanishi yake kidogo. Haya, nusu kopo. Vizimba vinang'aa! Haikuwa imekauka vizuri nikawarudisha nondo ndani. Wawili wamenasa miguu. Maskini.

Jioni shemeji kauliza sofa litakuwa huru lini. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba ni Ijumaa. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu nihamie kwao.

Jumatano, 5 Machi
MWIBA! Nimenasa hewa ya kizimba cha majike, nikaipitisha mashineni, ukachomoza mwiba ambao sijapata kuuona. Harufu mpya ya mapenzi! Mbio hadi kwa Mkuu. Kasema Ijumaa nimwonyeshe madume wakiifuata.

Mama Vanishi akaniuliza kama nilianza kwa kupima hewa ya kizimba kitupu, kisicho na nondo. Nikamwambia aache wivu. Kizimba kitupu kina nini cha kupima?

Alhamisi, 6 Machi
Jaribio la siri. Nimepaka karatasi ile kemikali mpya niliyoikusanya kutoka hewa ya kizimba, nikawafungulia madume. Hawakuitazama. Mmoja alisinzia.

Mimi si wa kukata tamaa. Nimechukua kichupa cha harufu ya kawaida, ile ambayo kila mtafiti wa nondo anaijua, nitie kidogo kwenye karatasi kesho. Kuwasaidia tu. Kimevuja kwenye mfuko wa koti langu la kazi. Haidhuru, pua ya binadamu haiinusi.

Ijumaa, 7 Machi
Siku ya balaa. Madume wakafunguliwa, wakaipita karatasi kama hawaioni, wakanijia mimi. Kumbe koti lilikunywa zaidi ya karatasi. Kifua kizima nondo! Wanapapatika, wanapigania mfuko, mmoja kaingia sikioni. Mkuu akageukia ukutani akakohoa sana. Nadhani alikuwa anacheka.

Kisha Mama Vanishi akaweka mchoro wangu juu ya mchoro wa vanishi yake. Ikalingana mwiba kwa mwiba.

"Kaka," akasema taratibu, "hiyo si harufu ya nondo. Hilo ni kopo langu."

Nilitamani ardhi inimeze. Ajira kapewa yeye. Na palepale akamwomba Mkuu anibakize niwe msaidizi wake wa kupaka mbao, kwa mkataba wa muda, maana vizimba vile vimepakwa vizuri. Alisema kwa nia njema kabisa. Hilo ndilo lililoniuma.

Nyumbani shemeji alishauondoa mto wangu sofani. Dada akanitazama usoni, akaurudisha.

Jumamosi, 8 Machi
Nimelala, akili imetulia. Hebu fikiria. Nikitia matone machache ya harufu ya jike kwenye vanishi ya Mama Vanishi, madume watazivamia mbao zake zote. Maabara itahaha. Watamtafuta mtaalamu wa nondo, tena wa kudumu. Na mtaalamu ni nani hapa? Safari hii hakuna wa kunishtukia.

Kichupa nimekuja nacho nyumbani, nimekificha ndani ya soksi, chini ya sofa. Asubuhi shemeji kauliza mbona dirisha la sebuleni limejaa nondo. Nimemwambia ni msimu wao.