Jinsi Arnold Sugden Alivyoiteka Benki kwa Kupanga Foleni

Kaeni vizuri, enyi nyote mliowahi kukatwa fedha bila kuulizwa. Sogezeni viti, zimeni redio, na mwenye chai mkononi ainywe sasa hivi, kwa maana habari nitakazozinena hazifai kukatizwa na mtu anayekwenda jikoni. Ninamleta mbele yenu Arnold Sugden, Simba wa Oxenclough, dereva mstaafu wa mabasi ya bonde lile lenye mvua, aliyeinuka dhidi ya Benki ya Northvale, yenye matawi katika kila mji na mawakili wasiohesabika, akaiangusha akiwa amevaa koti la mvua. Nilikuwapo. Mimi ndiye mpiga ngoma kubwa wa bendi ya Oxenclough, nimeishi bondeni humo miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu, na atakayewaambia vinginevyo mwambieni aje anione.

Jueni kwanza kwamba shujaa wetu alikuwa na baragumu. Lilikuwa tuba, tarumbeta kubwa kuliko matarumbeta yote, la shaba iliyong'arishwa kwa vizazi viwili, lenye mdomo mpana wa kutosha kumwogeshea mtoto. Alilirithi kwa baba yake, na kazi yake katika muziki ni kusema *pom*, kunyamaza, kisha kusema *pom* tena. Msicheke. Bendi isiyo na *pom* ni kundi la watu wanaopiga kelele barabarani, na kila mwaka, Ijumaa ya juma la Pentekoste, bendi zote za milima ile hushuka vijijini kushindana kwa maandamano, na hakuna Sugden aliyewahi kuikosa siku hiyo tangu baragumu lile litoke kiwandani.

Sasa sikilizeni uovu. Watu wa nchi ile wana siku za mapumziko wanazoziita sikukuu za benki, kwa sababu siku hizo benki hufunga milango na kulala. Ikawa, mwanzoni mwa mwaka, benki ikalala. Pensheni ya Arnold, iliyokuwa ije siku ile, ikakaa nje ikingoja mwenye nyumba aamke. Kesho yake kampuni ya gesi ikachota malipo yake alfajiri, pensheni ikaingia adhuhuri, na kati ya alfajiri na adhuhuri akaunti ya Arnold ikapungukiwa paundi nne. Kwa paundi hizo nne, benki iliyokuwa imelala ikamtoza yeye aliyekuwa macho paundi thelathini na mbili. Makato hayo yakaishusha akaunti chini zaidi, basi akatozwa kwa kushuka; akaandikiwa barua ya kumwarifu kwamba ametozwa, akatozwa na kwa barua hiyo. Kufikia mwisho wa mwezi makato yalikuwa yamezaana hadi gesi ya kupashia nyumba joto ikakosa kulipwa kabisa, theluji iko dirishani, na Mavis, mke wa shujaa, anapika chai akiwa amevaa glovu.

Hapo Arnold akalibeba baragumu la baba yake, akalivusha mtaa mzima akiwa amelikumbatia, akaliweka rehani. Mwenye duka akamwambia atalitunza hadi Ijumaa ya Pentekoste saa kumi jioni, na baada ya saa hiyo litakuwa mali ya mteja mmoja wa Leeds anayetaka kulipandia maua mbele ya hoteli yake. Maua! Nilipoambiwa habari hiyo nilipiga ngoma peke yangu hadi jirani akagonga ukuta.

Ndipo Mavis, Mama wa Mikakati, aliposimama katikati ya jiko lake akanena.

"Arnold, kuna mahakama ya madai madogo. Nimesoma gazetini. Huhitaji wakili, huhitaji tai. Unajaza fomu tu, unapeleka."

"Kuishtaki benki, Mavis? Sisi?"

"Kwani benki ni nani? Ilikuja kwenye harusi yetu?"

"Haikuja."

"Basi hatuna undugu nayo. Chukua kalamu."

"Na ada ya mahakama je?"

"Nilishinda bingo Alhamisi. Nilikuwa ninunue mapazia. Mapazia yatangoja, nani wa kuchungulia humu?"

Arnold akaketi, akavaa miwani, akaandika kwa herufi kubwa kwamba makato hayo hayakuwa ya haki, kwa kuwa kosa la paundi nne haliwezi kuigharimu benki fedha zote zile. Akaomba arudishiwe pamoja na riba. Benki ikajibu kwamba inamthamini sana. Mawakili wake wakajibu kwamba watampinga vikali. Kisha, enyi wasikilizaji, jeshi lile lote likanyamaza. Nchi nzima ilikuwa inazishtaki benki mwaka ule, na dai la Oxenclough, nadhani, lilizama chini ya rundo mezani pa mtu fulani. Siku ya kuleta utetezi ikapita bila utetezi. Hakimu akatoa hukumu ya upande mmoja, na Arnold akashinda bila kuvua kofia.

Lakini kushinda ni jambo moja na kulipwa ni jingine. Majuma yakaenda, benki haikutuma hata senti, na Ijumaa ya Pentekoste ikakaribia huku Arnold akifanya mazoezi ya *pom* kwa mdomo mtupu, mikono ikikumbatia hewa. Nilikuwa nikisimama nyuma yake kwenye mazoezi. Nasema wazi, roho iliniuma.

"Basi tuma dalali wa mahakama," Mavis akaamuru. "Wakija kwa maskini wanabeba televisheni. Na wabebe huko."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, mchana wa Ijumaa yenyewe, saa zikiwa zimebaki chache, gari jeupe likasimama mbele ya tawi la Northvale, akashuka Desmond Pyle, dalali wa mahakama, mtu mrefu mwenye goti bovu na chupa ya chai kwapani. Akaitazama benki ile toka chini hadi juu.

"Mzee wangu," akamwambia Arnold, "kazi hii nimeianza nikiwa na nywele. Nimebeba makochi ya wajane. Nimebeba baiskeli ya mchungaji, naye anaiombea. Kila mlango ninaogonga, natukanwa. Leo ndiyo mara ya kwanza naamka asubuhi nikipiga mluzi. Twende."

Wakaingia, Arnold mbele, Mavis ubavuni, dalali nyuma na hati ya mahakama mkononi. Na hapo ndipo yalipotokea ambayo mimi, niliyekuwa ndani kwa shughuli zangu, sitayasahau. Dirisha lililokuwa wazi ni moja. Mbele yake, kati ya nguzo na kamba zake nyekundu, kulikuwa na foleni ndefu iliyopinda. Na Arnold Sugden, mwenye hukumu ya mahakama na nguvu ya dola nyuma yake, akaenda mwisho wa foleni, akasimama.

"Mzee, unafanya nini?" akauliza Pyle.

"Napanga foleni."

"Sisi hatupangi foleni! Nina hati hapa! Naweza kupita hivi nikang'oa mlango!"

"Bwana Pyle," akasema Arnold, na sauti yake ikajaa ukumbi, "nimeendesha basi miaka yangu yote ya kazi. Nimewaona watu wamenyeshewa, wamechelewa, wana watoto wanalia, na hawakurukana. Benki hii imeniibia fedha, imenitoa baragumu mikononi. Haitanifanya nimruke mtu. Hilo silitoi."

"Saa nane hiyo, Arnold," Mavis akanong'ona.

"Naiona."

"Duka linafunga saa kumi."

"Najua, Mavis."

Foleni haikusogea. Mteja aliyekuwa dirishani alikuwa anafungua akaunti ya klabu ya uvuvi na wanachama wake walikuwa hawajakubaliana jina. Lakini maneno yalikuwa yamesikika, na katika nchi ile watu kwenye foleni husikia kila kitu huku wakitazama dari. Aliyekuwa mbele ya Arnold, muuza nyama mwenye aproni, akageuka.

"Umewapeleka mahakamani kweli?"

"Kweli."

"Kwa yale makato?"

"Yale yale."

Muuza nyama akawaza. Kisha akafanya jambo ambalo watu wale humfanyia mgonjwa, au mama mwenye mimba iliyokomaa, na si kila mara. Akasogea pembeni.

"Tangulia wewe, mzee."

Habari ikapita mbele mdomo kwa mdomo, na mmoja baada ya mwingine wakageuka, wakauliza, wakasogea. "Tangulia." "Hapana, siwezi." "Nasema tangulia." "Basi asante sana." Mimi nilikuwa karibu na dirisha, nikasogea kwa kicho, nikamkanyaga mtu. Hakuna aliyepaza sauti, hakuna aliyerukwa, na jeshi la Sugden likasonga mbele kwa heshima zote hadi likamkuta, amesimama kama kisiki, Edna Clegg, bibi wa kitoroli cha magurudumu, wa mwisho kabla ya dirisha.

"Mimi sipishi mtu," akasema Edna.

"Wala sikuombi, mama," akasema Arnold.

"Nimekuja na basi. Miguu inaniwaka."

"Haki yako kabisa."

Edna akamtazama kwa pembe ya jicho.

"Wewe si yule wa lile dubwana la pom, pom, linalopita dirishani kwangu?"

"Ndimi."

"Silipendi. Sijawahi kulipenda. Marehemu mume wangu alikuwa akifungua dirisha ili alisikie, na baridi yote inaingia." Akakishika kitoroli chake kwa mikono miwili. "Mwaka huu nimefungua dirisha mwenyewe, kwenye mazoezi yenu, na halikusikika. Kukawa na pengo." Akakivuta pembeni. "Pita, kabla sijabadilisha mawazo."

Arnold akavua kofia. Akapita.

Meneja, Julian Tranter, akatolewa ofisini, akasoma hati, akasoma mara ya pili, rangi ikamtoka.

"Mzee Sugden, hili tungeweza kulizungumza. Nitakuandikia hundi. Itaiva wiki ijayo."

"Wiki ijayo maua yatakuwa yameota ndani ya baba yake!" akafoka Mavis, na meneja, asiyejua habari za hoteli, akarudi nyuma hatua nzima.

"Taslimu," akasema Pyle, "au naanza." Na kabla hajajibiwa akaanza. Akabandika karatasi ya mahakama kwenye kiti cha meneja. Akabandika kwenye mashine ya kahawa. Meneja akasema benki ina viti vingine. Akasema makao makuu yatashughulikia. Akakunja mikono kama mtu aliye ndani ya ngome yenye chakula. Ndipo Pyle, mkongwe wa milango elfu, akageuka polepole, akaziangalia zile nguzo na kamba nyekundu, akainama kwa goti lake bovu, akabandika karatasi kwenye nguzo ya kwanza.

Meneja akakunjua mikono.

"Usichukue hizo!" akalia Tranter.

"Ni mali ya benki?"

"Ni mali ya benki, lakini... leo ni Ijumaa! Watu wanalipwa leo! Watajuaje pa kusimama?"

"Watajijua," akasema Pyle, akaikunja kamba ya kwanza mkononi.

Meneja akawatazama watu wa Oxenclough, nao walikuwa tayari wameanza kutazamana, kila mmoja akijiuliza yuko nyuma ya nani. Hilo likamvunja. Kwa mkono wake mwenyewe akafungua droo, na noti zikahesabiwa juu ya kaunta mbele ya mashahidi.

"Bado riba," akasema Pyle. "Hukumu ina riba."

"Riba lazima nikokotoe kwa kompyuta," akasema meneja kwa sauti ndogo, "na kompyuta leo ni nzito."

Arnold akatazama saa ya ukutani. "Acha riba," akasema. Kisha, kwa kuwa yeye ni mtu wa bonde lile, akaongeza: "Samahani kwa usumbufu." Akatoka mbio.

Sijapata kumwona mstaafu akikimbia namna ile. Mwenye duka la rehani alikuwa tayari ameshika ufunguo wa mlango, na mwenye hoteli wa Leeds alikuwa barabarani na mfuko wa udongo kwenye buti la gari. Arnold akalikomboa baragumu lake, na mfuko ule ukarudi Leeds.

Jioni ile, mvua ikinyesha kidogo, bendi ya Oxenclough ikaingia uwanjani, ambako mwamuzi hukaa ndani ya karavani, kijumba cha kukokotwa na gari, yenye mapazia yaliyofungwa ili asijue anamsikiliza nani. Ng'ambo ya uwanja ni benki, na Tranter alikuwa mlangoni akifunga. Tukapiga. Chini ya muziki ule, imara, ilikuwapo *pom* ya Sugden. Nilipiga ngoma machozi yakinitoka, na sikujali nani ananiona. Mtaani juu, dirisha moja lilikuwa wazi.

Tukafika mahali ambapo muziki unakatika ghafla na bendi yote inanyamaza. Tukanyamaza. Arnold akageuka nusu, akaulekeza mdomo wa baragumu kwenye mlango wa benki, akavuta pumzi, na katikati ya kimya kile akapiga *pom* moja, ndefu, nene, isiyoandikwa popote. Vioo vya Northvale vilitetemeka. Tranter aliangusha funguo.

Mwamuzi alitukata alama, tukawa wa pili kutoka mwisho. Kiongozi wa bendi, mtu wa kushika kanuni, akamfuata shujaa mbele yetu sote.

"Arnold, ile noti katikati ya kimya. Ile ilikuwa nini?"

Arnold Sugden, Simba wa Oxenclough, akalipangusa baragumu la baba yake kwa kiwiko cha koti.

"Riba," akasema.