Taa Iko Chumbani

Jumatatu, 6 Novemba 1978. Rulenge.

Nimeipata! Iko ndani ya kasha la kioo alilonipa padri mzee kabla hajarudi kwao. Padri ndiye aliyenifundisha kwamba kuna samaki anaitwa taa, bapa kama chapati, mkia una mwiba wa sumu, na kwamba katika nchi za mbali kuna taa wa mtoni ambao watu huwafuga sebuleni. Ndikuriyo wa Kabanga, aliyeniuzia, kaapa kwamba yangu bado mtoto, itakuwa bapa ikikua. Ina sharubu. Padri hakutaja sharubu. Nimempa Ndikuriyo mbuzi wa Zita.

Zita, mke wangu, yuko kwa mama yake, kijijini Bisibo, wiki ya tatu sasa. Ni kwa sababu ya nyuki niliowafuga chini ya kitanda. Kasema atarudi nikipata akili. Nyumba imepoa. Naongea na samaki.

Jumatano, 8 Novemba.

Mkutano. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Gozbert, mwalimu mstaafu, katangaza: ni vita, ndege za nduli aliyetuvamia zaweza kufika, jua likizama asiwashe mtu taa. Tukaitikia. Nikarudi kumwandikia Zita. Barua tamu! "Rudi, mpenzi. Taa iko chumbani, nimeifunika kwa kanga yako majirani wasiione. Imeletwa na Ndikuriyo, toka ng'ambo."

Jirani yangu Pancras, mgambo, anakwenda Bisibo. Kaichukua barua akitabasamu. Sijawahi kumwona Pancras akitabasamu. Labda nilimdhania vibaya.

Ijumaa, 10 Novemba.

Mshenzi kaisoma! Naandika nikiwa kwenye benchi la ofisi ya kijiji. Eti naziashiria ndege. Nikasema taa yangu haiwaki, ina mkia. Wakauliza inatumia mafuta gani. Nikasema minyoo. Wakaandika.

Wakanipeleka nyumbani na bunduki. Mzee Gozbert akafunua kanga, akavaa miwani, akatazama kitambo. Kasema huyu ni kambale. Nikamwamkia shikamoo mara ya pili, kwa woga. Kisha akanisomesha mbele ya Pancras: samaki ana uhai, ningeandika "taa yuko chumbani" asingesumbuka mtu. Iko, yuko! Herufi mbili tu!

Hata hivyo siachiwi mpaka Zita, waliyempelekea habari, aje kunidhamini. Asipokuja, napelekwa kwa polisi wa wilaya, Ngara. Naogopa Ngara. Naogopa zaidi asipokuja.

Jumapili, 12 Novemba.

Kaja! Kwa lori, na kuku mwekundu aliyepewa na mama yake. Kawaambia mimi siwezi ujasusi, siri yangu ya mwisho niliitangaza kanisani. Wakacheka, wakaniachia. Nilimpenda na kumwonea haya kwa pamoja.

Nyumbani kakaa mbele ya kasha la samaki. Kaka yake Novatus kaenda vitani, hajaandika. Kasema huyu samaki anazunguka pale pale, kama mawazo yake. Akalia kidogo. Nikamshika mkono.

Kisha kauliza mbuzi wake yuko wapi. Nikasema Kabanga, anapumzika. Kanitazama sana. Kasema atakaa, mradi nisifuge kitu kingine. Nimeapa. Kwa moyo wote!

Jumatatu, 13 Novemba.

Nimewaza. Ni upweke tu unaoizuia kuwa bapa. Nimemwandikia Ndikuriyo: "Leta taa nyingine, kubwa zaidi. Safari hii sifichi, nitaiweka dirishani. Utapata kuku mwekundu."

Pancras kajitolea kuipeleka barua mwenyewe. Anatabasamu tena. Kumbe ni mtu mwema.