Malalamiko Kuhusu Ngazi ya Swali la Saba

Kwa Mwalimu Mkuu,

Heshima yako. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na walimu wenzako. Mimi sijambo, isipokuwa kiuno, ambacho nitakieleza katika lalamiko la pili.

Mimi ni fundi rangi, baba wa yule binti wa kidato cha pili anayekaa dawati la mbele. Kila jioni nikitoka kazini tunakaa mezani, yeye na vitabu vyake, mimi na daftari la kazi za nyumbani. Nakiri bila kuficha: kazi hizo nazifanya mimi. Ndiyo maana alama zenu zinaniuma mimi. Wiki hii nimepata tatu kwa ishirini, na sitaki mtoto arudie darasa kwa makosa ya baba yake. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sarufi. Niliambiwa nikanushe sentensi hii: "Fundi amemaliza kupaka nyumba." Mwalimu, siwezi. Nyumba ile nimeimaliza, milango na madirisha, na mwenyewe ameshahamia. Nikaandika: "Amemaliza, nendeni mkaone." Nikapewa sifuri.

2. Fizikia, swali la saba. Ngazi imeegemezwa kwenye ukuta usio na msuguano. Tafuta kani ya kuizuia isiteleze. Miaka ishirini na mbili napanda ngazi, ukuta huo sijauona. Kwa kuwa sipendi kubisha bila ushahidi, niliupaka ukuta wa jikoni mafuta ya kupikia, nikaegemeza ngazi, nikapanda. Kiuno ndicho hicho. Jibu langu lilikuwa: "Fundi ashuke upesi." Kosa! Na mimi nilikuwa nimeshashuka, tena upesi kuliko nilivyokusudia.

3. Jiwe linadondoshwa kutoka ghorofa ya tano. Nani analidondosha? Chini amesimama nani? Sisi huko juu ikituponyoka hata brashi tunapiga kelele mtaa mzima usikie. Nikaandika: "Halidondoshwi." Sifuri nyingine, na hakuna aliyejali usalama wa watu.

4. Msahihishaji wenu ananiingilia maisha. Kwanza aliandika kwa wino mwekundu: "Usibishane na swali." Sawa, nikameza. Juzi akaandika: "Nawa mikono kabla ya kushika daftari." Jana: "Usifanye hesabu na njaa, kula kwanza." Amejuaje kama nilikuwa na njaa?

Kwa hiyo naomba kazi zangu zisahihishwe upya na mtu aliyewahi kupanda ngazi. Ikishindikana, nipewe dawati darasani. La nyuma litanitosha, na sare nitavaa. Hilo nalo likishindikana, mwalimu wa fizikia aje nyumbani Jumamosi. Ukuta bado una mafuta. Ngazi nitamshikia mimi.

Nafanya utani, lakini naumia kweli. Shule niliiacha mapema. Huyu mtoto alipokuwa mdogo nilikuwa najua kila jibu, akiniona mimi ndiye mwisho wa elimu. Sasa kila muhula yeye anasonga na mimi nabaki palepale. Kufeli kwangu si kitu. Asifeli yeye kwa ajili yangu.

Nisalimie walimu wote, mpishi, mpiga kengele, na yule mlinzi wa getini aliyenikatalia kuingia na ngazi.

Ni mimi mzazi mtiifu, niliyeteguka kiuno kwa ajili ya elimu,
Fundi Rangi

Tanbihi: Nilimpa binti yangu barua hii aipitie kabla sijaifunga. Akaisoma, kisha akatoa mkobani daftari lingine: maswali yaleyale, majibu yake mwenyewe, alama zenu kumi na tisa kwa ishirini. Langu hamjawahi kuliona. Maswali ananinakilia yeye, na wino mwekundu ni wake, tangu mwaka jana. Anasema kazi zake ilibidi azifanye mwenyewe, ila hakutaka niondoke mezani.

Malalamiko yote nayafuta. Barua naituma hivyo hivyo, ili ujue una mwalimu mmoja ambaye hukumwajiri. Ni mkali, lakini haniachi mpaka nielewe. Ameniamuru niusugue ukuta wa jikoni kwa sabuni, na kesho jioni tunarudia swali la saba.