Koti Langu na Bitana Yake

Jumatatu, 8 Septemba
Kaka Suleiman ametangaza: Jumapili tunakwenda Bodo kumposea mwanawe, Feisal. Msemaji hajateuliwa. Ama mimi, ama shemeji Sefu. Ila lazima avae kanzu na koti, maana watu wa Bodo hutazama mavazi kwanza, maneno baadaye.

Sefu ana koti. La marehemu babake, linanuka dawa ya nondo mpaka barabarani. Mimi sina. Nimewaambia langu liko kwa fundi.

Fundi ni mimi. Miaka yote nashona magunia ya nazi kwa shazia, ile sindano nene. Koti ni nini? Gunia lenye mikono!

Jumanne, 9 Septemba
Nimekwenda Ukunda, nimepata kitambaa. Pazia la hoteli moja ya Diani, wamebadilisha mapambo. Kijivu, zito, jua halipenyi. Muuzaji akaniambia hilo ni la dirishani. Nikamjibu kitambaa hakiulizwi kwao.

Vifungo nimevitoa kwenye blazia ya zamani ya Feisal. Sponji ya mabega nimekata kwenye godoro letu, upande wa Twaiba. Mke wangu ni mwepesi, hatahisi.

Jumatano, 10 Septemba
Twaiba amehisi. Nimesema panya.

Nimejipima kwa kamba, nikakata. Kumbe koti lataka bitana, kitambaa cha ndani! Bila bitana, pazia linawasha kama upupu. Sikuwa nimelipanga hilo.

Alhamisi, 11 Septemba
Sefu amekuja kuuliza fundi wangu ni nani. Nikasema ni bingwa mmoja wa Mombasa, hapendi kutajwa. Akanitoa uzi kwenye ndevu, akaenda zake. Simpendi mtu huyu.

Bitana imepatikana. Sandukuni mwa Twaiba mna doti ya kanga, nyekundu, ya maua ya mikorosho, hata haijatenganishwa. Imelala humo tangu Idd. Kaisahau. Nimekata kipande kimoja, cha pili nimekikunja kwa ufundi, kikaonekana kinene vilevile.

Jumamosi, 13 Septemba
Limekwisha! Mkono wa kushoto umeuzidi wa kulia, lakini nikishika kiuno haionekani. Kaka Suleiman amelipapasa, akasema mashallah, kisha akauliza mbona mabega yanatembea.

Msemaji ni mimi! Sefu atabeba sinia la halua. Namhurumia kidogo. Kidogo sana.

Jumapili, 14 Septemba
Nilianza vizuri. Nilimpa Bi Esha, nyanya yake binti tunayemposa, shikamoo ya kuinama. Akaketi na wanawake chumba cha ndani, mlango wazi, nami nikasema tumeliona ua katika bustani yao. Wazee wakaafiki kwa vichwa. Kaka Suleiman alikaribia kulia.

Lakini joto! Jua halipenyi, kumbe na jasho halitoki. Nikafungua koti nipate hewa.

Ndipo Twaiba alipokuwa akimfungulia Bi Esha zawadi yetu. Doti nyekundu, ya mikorosho. Kumbe hakuisahau. Alikuwa akimwekea.

Bi Esha akakunjua, akapata kipande kimoja. Akakitazama. Akanitazama mimi kifuani. Nikakimbilia kufunga vifungo, kimoja kikaruka kikatua kwenye halua.

Akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, kanga haitolewi nusu. Vua."

Nikavua. Twaiba akaitwa aifumue bitana pale pale mkekani, na sponji ikamdondokea mapajani. Akaitambua. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Sefu ndiye aliyemalizia maneno. Posa imekubaliwa. Bi Esha alisema nyumba yenye kichekesho haina ugomvi. Hakuuona uso wa Twaiba.

Jumatatu, 15 Septemba
Twaiba amelipiza. Amegeuza godoro, sasa shimo liko upande wangu.

Nimekaa nikafikiri kwa kina, nikalijua kosa. Koti halikuwa na dosari. Kosa ni bitana ya maua, inayotambulika na kila mtu. Bitana yatakiwa iwe ya rangi moja.

Harusi ni Desemba, na msemaji wa harusi hajateuliwa. Leo nimepita kwa Kaka Suleiman kuomba radhi, nikaona kitambaa cheusi, laini, kinateleza chenyewe mkononi. Cha joho la harusi la Feisal, bado hakijapelekwa kwa fundi.

Joho refu namna ile! Likipungua kidogo chini, hatahisi.