Marehemu Anakunywa Chai

Jamani, leo nimeadhirika. Tena mbele ya sinia la pilau! Nawaandikia barua pepe hii kutoka hapa chuoni, ninyi wenzangu mliotawanyika Wuhan na Beijing, ili mnisikie mimi kwanza kabla Hamadi hajawapigia simu.

Kuna mama mmoja wa Kariakoo, Mama Zuhura, anakuja hapa Guangzhou kununua nguo za jumla. Kafikia hoteli moja ya mtaa wa Xiaobei. Mkalimani wake karudi nyumbani, sasa anatafuta mwingine wa kuzunguka naye maduka ya Shisanhang likizo nzima. Tulioitwa ni wawili, mimi na Hamadi. Kazi hii mimi naitaka kufa na kupona. Nikiikosa, likizo nitakula tambi za maji moto bwenini mpaka zinitokee puani.

Basi leo baada ya sala ya Ijumaa tukaalikwa pilau, pamoja na wafanyabiashara wenzake. Mama kanunua deki ya VCD na filamu ya jasusi, ile ya kwanza kabisa katika ule mfululizo usiokwisha. CD mbili ndani ya mfuko wa plastiki. Tatizo, Mzungu mzima anaongea Kichina!

"Nani atanitafsiria?" akauliza mama.

Hamadi akafungua mdomo. Mimi nilishasimama. (Kiherehere changu mnakijua.) Nikachomoa CD, nikaisukuma ndani, nikashika rimoti kama mwenyekiti wa mtaa aliyepewa kipaza sauti.

Sasa niwaambie ukweli. Kichina changu ni cha sokoni: bei, rangi, saizi, punguza. Majasusi hawauzi suruali. Lakini ningekaa chini? Wapi!

Picha ikaanza, jasusi huyo ananing'inia kwenye kamba.

"Mbona haina hata jina?" mama akauliza.

"Jasusi hajitambulishi, mama."

Wageni wakaguna kwa heshima. Nikanogewa.

Weee, nikatafsiri! Bwana mmoja mwenye upara nikamfanya mjomba wake jasusi, kadhulumu nyumba ya urithi. Dada wa gauni jekundu nikamwozesha jasusi. Yule mwenye upara alipodondoka kutoka paani akafa, nikasema, "Innalillahi. Dhuluma haidumu." Mama Zuhura akafuta machozi kwa mtandio. Mzee mmoja akasema nyumba ya baba yake nayo ilidhulumiwa vilevile. Hamadi anatafuna tu. Kazi nikaiona hii hapa mkononi.

Filamu ikaisha. Mapema mno.

"Mbona fupi?" Hamadi akauliza.

"Ndiyo ya kwanza. Mtaji ulikuwa bado mdogo."

Wafanyabiashara wote wakaafiki. Mambo ya mtaji wanayajua.

"Na CD hii nyingine?" Hamadi akauliza tena.

"Sehemu ya pili. Wanagawana urithi. Weka!" (Nimesema mwenyewe. Kwa mdomo wangu huu.)

Muziki ukapigwa. Jina la filamu likatokea, kubwa, limejaza kioo kizima. Halafu akatokea bwana mwenye upara. Mzima wa afya. Kakaa kitini, anakunywa chai.

"Sefu mwanangu," mama akasema polepole, "mbona marehemu anakunywa chai?"

"Pacha wake, mama. Kaja msibani."

"Msibani anacheka?"

"Uchungu huo. Umempanda kichwani."

Punde jasusi akaingia, akatambulishwa kwa dada wa gauni jekundu. Wakapeana mikono.

"Na huyo si mkewe? Mbona ndiyo kwanza anaambiwa jina lake?"

"Walikuwa wamenuniana."

Hamadi akainua ile CD niliyoanza nayo, akawaonyesha wageni. Imeandikwa namba mbili, kubwa kama yai. Wala si Kichina, jamani! Mbili! Ile ya darasa la kwanza!

"Filamu ni moja, CD mbili," akasema. "Huyu kaanzia mwisho."

Loo! Watu walicheka! Mzee wa urithi akapaliwa na pilau, ikabidi apigwe mgongo. Mimi nikakimbilia mlangoni, kumbe viatu vyangu viko chini ya viatu vya watu wote.

"Rudi ukae!" Mama Zuhura akaniita, machozi yanamtoka, safari hii ya kicheko. "Bei za Kichina unazijua?"

"Hizo naziota usingizini, mama."

"Basi sikilizeni. Miaka yote nazunguka na wakalimani wakweli. Laoban mwenye duka akisema haipungui, nao wananigeukia, haipungui mama, lipa. Huyu kamzika mtu, mtu kafufuka mbele ya macho yake, na bado anabisha! Kesho nakwenda naye Shisanhang."

Wallahi, nilivirudisha viatu chini na kuomba pilau nyingine. Hamadi kanuna mpaka sasa, anasema kazi nimeipata kwa uongo.

Chekeni basi, ila taratibu, mtu mwenye kazi haheshimiwi kwa makelele. Na mwenye malalamiko akamwone marehemu. Yuko hai, anakunywa chai.