Jiwe la Mpaka na Toba ya Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi
Daktari asema moyo umechoka. Umechokaje? Wiki nzima sijakaa kitako! Dirishani, mlangoni, dirishani tena. Kuna jambo linanichoma. Niliandike kabla sijafa: miaka thelathini iliyopita nilisogeza jiwe la mpaka hatua mbili, nikamega kiwanja cha jirani. Mimi! Niliyefundisha vizazi kwamba mali ya mtu ni takatifu na serikali ni mwizi mwenye ofisi.

Nilikwenda uani kuungama. Jirani, karani mstaafu tunayemwita Mzee Muhuri, alikuwa akiisifu serikali kwa mtaro mpya. Toba ikanitoka kichwani. Nikamwambia watu huru wangejichimbia wenyewe. Akaniuliza mbona wangu umeziba tangu mwaka juzi. Nikarudi ndani na dhambi yangu.

Jumanne, 4 Machi
Mpango! Nilirudishe jiwe kimyakimya. Mali kwa mwenyewe, bila mahakama, bila aibu. Falsafa safi kabisa! Binti yangu alipokwenda kazini, nikashika mtaimbo. Hatua mbili kwa muda wa saa tatu. Nilipumzika mara kumi na moja, moja kifudifudi. Binti akarudi, akauliza udongo wa magotini umetoka wapi. Nikasema nilikuwa nasali. Hakuamini. Ananijua.

Jumatano, 5 Machi
Uvamizi! Mzee Muhuri kaingia uani na mpima ardhi wa serikali. Nikalikalia jiwe, nikatangaza kuwa dola haina uhalali hapa. Binti akasema, "Baba, inuka, unatuaibisha." Nikainuka.

Mpima akapima. Jiwe limevuka hatua mbili. Kuja kwangu!

Mzee Muhuri akaangua kilio. Kumbe yeye ndiye aliyelisogeza kwanza hatua hizo mbili, kabla yangu, mwaka nilipokuwa masomoni, na tangu hapo hakuthubutu hata kuitazama pembe ile. Yeye pia daktari kamwambia ajiandae kufa. Kaleta serikali imsaidie kutubu! "Mwalimu, nilikuibia. Nisamehe."

Basi nilipodhani naiba, nilikuwa nakirudisha changu! Lakini nia yangu ilikuwa ya wizi, hilo nalijua. Ulimi ukaniwasha. Ilikuwa saa yangu ya kusema. Nikafungua kinywa, nikamsamehe. Kwa hotuba ya nusu saa. Kisha nikamtaka aliandike ungamo lake, na mpima aligonge muhuri.

Jiwe likarudishwa mahali pake. Mzee Muhuri akaondoka mwepesi kama kijana. Nilimwonea wivu.

Ijumaa, 7 Machi
Situlii. Binti anajivunia baba mwenye moyo mkubwa, anawasimulia hadi wauza maziwa. Mzee Muhuri kaja kuuzibua mtaro wangu kwa mikono yake. Nilimtazama dirishani, nikakaribia kabisa kumwita. Nikakohoa tu.

Nimetafakari. Miaka thelathini iliyopita mguu wangu ulipima sawasawa, bila kamba wala ofisi. Mpima huyu wa juzi kazi yake niliitazama vizuri: jiwe bado limeingia kwangu. Hatua moja hivi. Serikali haijawahi kupima kitu kikanyooka.

Binti kesho anatoka mapema. Mtaimbo uko chini ya kitanda. Nikimaliza, nitaungama yote mawili kwa pamoja.